Karani Aliyefuata Waya

Karani wa simu alikuwa mtu wa kujisikia, na alikuwa na haki ya kujisikia. Ninalisema hilo mapema kwa sababu ukiuliza wazee wa Bondeni waliobaki, watakuanzia hapo hapo: tai shingoni hata Jumamosi, viatu vilivyopigwa rangi mpaka mtoto akaweza kujitazama ndani yake, na kofia ya rangi ya majivu ambayo hakuivua mbele ya mtu yeyote ila kanisani. Kazi yake ilikuwa kwenye stesheni ya Nakuru, kupokea na kutuma simu za reli kwa kugonga kidude cha shaba kwa vidole. Mlango wake na wetu ulitazamana. Mume wangu alikuwa akifunga na kufungua mabehewa hapo hapo reli, nami nilikuwa mshonaji, cherehani yangu ikikaa barazani. Kwa vile Karani alimwita mume wangu ndugu, mimi aliniita shemeji, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine.

Hakupenda kuitwa fundi. Ukimwita fundi alikuacha useme mpaka umalize, kisha akajibu kitu kingine kabisa, kana kwamba ulikuwa unaongea na mtu aliye nyuma yake. Na bado hakuna mtu Nakuru nzima, Mzungu, Mhindi wala Mwafrika, aliyejua kufunga plagi ya kebo ya redio kama yeye.

Nieleze kidogo, maana wajukuu wangu hapa Section 58 wanadhani redio ni sanduku la kusikilizia mpira. Miaka ile ya hamsini walikuwepo watu waliozungumza na dunia kwa mitambo yao wenyewe, bila kulipwa, kwa mapenzi tu. Nakuru walikuwa wachache. Mmoja alikuwa daktari wa meno, Mhindi mpole aliyekuwa na chumba cha mitambo nyuma ya zahanati yake. Mwingine alikuwa mkulima Mzungu wa Keringet. Karani alijifunza redio jeshini, huko Burma, na aliporudi hakutaka kuiacha. Lakini hakuwa na kibali cha kurusha sauti yake. Alikuwa na redio ya kupokelea tu, na ruhusa ya kukaa kwa daktari wa meno Jumamosi mchana, azungumze daktari akiwa kando yake.

Kutoka kwenye mtambo kwenda kwenye eriali juu ya mti kuna kebo. Si waya wa kawaida. Katikati ina uzi mnene wa shaba, juu ya uzi kuna plastiki nyeupe, juu ya plastiki kuna wavu wa nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa kama nywele, halafu ngozi nyeusi ya nje. Plagi ni kile kichwa cha chuma kinachofungwa mwishoni. Uzi wa kati ufike kwenye pini, wavu ushikamane na mwili wa plagi pande zote, na hivyo viwili visigusane hata kwa unywele mmoja. Vikigusana, mtambo unaungua. Wavu ukishika upande mmoja tu, sauti inakwenda na kurudi, na mtu wa mbali anakusikia kama mgonjwa.

Mimi niliingia katika mambo hayo kwa sababu ya suruali. Alileta suruali yake nipunguze kiuno, akasimama kuniangalia nikifumua pindo kwa ncha ya sindano bila kukata uzi. Jioni alirudi na kipande cha kebo, akaniuliza kama naweza kuufumua ule wavu wa shaba bila kukata hata uzi mmoja. Niliufumua nikiwa naongea na mteja. Aliuchukua, akautazama kwenye mwanga, akasema kwamba jeshini walimpa adhabu askari mmoja kwa sababu ya kazi mbaya kuliko hiyo. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja. Alinifundisha kuzungusha kebo juu ya wembe badala ya kusukuma wembe juu ya kebo, ili ngozi nyeusi ikatike na wavu usiguswe. Alinifundisha kupaka wavu utando mwepesi wa risasi, yale madini laini ya kulehemia, kwanza, kisha kuusukuma ndani ya plagi kama mtu anayevaa soksi, na kuulehemu kupitia vitundu vya ubavuni. Hapo kwenye moto ndipo tulipogombana. Yeye alitumia kichuma kidogo cha kulehemu, akikishikilia pale mpaka plastiki ya ndani inayeyuka na uzi wa kati unahama mahali pake. Alitupa plagi nyingi kwa njia hiyo, akilaumu risasi, akilaumu upepo. Mimi nilikuwa nimepiga pasi ya makaa tangu usichana, nikamwambia chuma kidogo kinakaa muda mrefu kwa sababu hakina joto la akiba. Achukue chuma kikubwa, akiweke kwenye jiko mpaka mate yaruke juu yake, aguse mara moja na kuondoka. Alikataa kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba na chuma kikubwa kama ngumi, amekiweka kwenye jiko langu bila kuniomba. Akaniambia kwamba amefikiria sana na amegundua njia mpya. Nikamwambia hongera.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Makosa yake hayakuwahi kuwa makosa. Kila plagi ina kofia ya kuzungusha, ile inayokaza kwenye mtambo, na kebo huvishwa kofia hiyo kabla ya kulehemu, maana ukisahau haipiti tena. Alikuwa akinipigia kelele kwa hilo kila mara, kofia kwanza, kofia kwanza. Basi Jumamosi moja daktari wa meno alikuwa na wageni, naye Karani, nami nikimshikia vifaa, akawaonyesha jinsi ya kufunga plagi. Alifanya kazi nzuri ajabu. Risasi ilitiririka kama maziwa. Alipoinua plagi ili waione, ile kofia ilikuwa mezani, mbele ya wote. Nilitazama dari. Karani aliitazama kofia, akaiinua taratibu, akawaambia wageni kwamba hilo ndilo kosa alilotaka walione, na sasa wameliona hawatalisahau. Wakashukuru. Akakata ile plagi na kuanza upya.

Kuchagua kwake plagi kulikuwa kazi ya mchana mzima. Sokoni palikuwa na Mhindi aliyeuza mabaki ya vita, masanduku kwa masanduku ya vyuma ambavyo jeshi halikuvitaka tena. Karani alisimama pale na kofia yake, akizigeuza plagi moja moja. Zile zilizong'aa kama kioo alizirudisha. Alichagua zilizochakaa, nyeusi nyeusi kama bangili za bibi kizee. Mwenye duka alidhani ni kichaa. Lakini zile nyeusi zilikuwa zimepakwa fedha, na fedha hata ikiwa nyeusi huipokea risasi mara moja. Zile za kung'aa risasi huteleza juu yake, mpaka uzikwangue kwa tupa, na hata hapo huna uhakika. Nilimwuliza mara moja inakuwaje mtu anayependa viatu ving'ae hivyo anakataa plagi zinazong'aa. Alisema viatu ni vya kuonwa.

Plagi ndogo, zile zinazofungwa kwa kuzungushwa kidogo tu mpaka zikalia tak, alizitumia ndani ya nyumba, kwenye redio ya kupokelea. Zile nene, zenye nyuzi za kukaza kama skurubu, alizifunga kwenye mtambo wa kurushia wa daktari. Kwa nje, kwenye mvua, alikuwa na aina ya tatu, zenye mpira ndani, adimu sana, alizozifunga kwenye kitambaa na kuzificha chini ya kitanda. Hakumwazima mtu. Daktari wa meno aliomba moja, akaambiwa zimekwisha.

Zile za mpira ndizo alizozitoa kwa ajili ya Keringet. Yule mkulima alikuwa ametuma habari kwamba mtambo wake umekufa, anausikia ulimwengu kwa mbali na ulimwengu haumsikii. Karani aliniomba niende naye, kwa idhini ya mume wangu, kwa kuwa kulikuwa na plagi nyingi za kubadilisha. Tulipanda na lori la kubeba viazi, tukafika tukiwa tunatetemeka kwa baridi, ukungu umelala juu ya mashamba. Mpishi alitoka akatuambia bwana amesema tupitie mlango wa jikoni.

Karani hakusogea. Manyunyu yalikuwa yakimwangukia kofia. Alimwonyesha mpishi jinsi kebo ilivyotoka kwenye eriali, ikapita juu ya baraza, ikaingia kwa dirisha la sebuleni, karibu na mlango wa mbele.

"Mwambie bwana mimi nafuata waya," alisema.

Mpishi aliingia, akakawia. Mimi nilikuwa nikifikiria jinsi tutakavyorudi Nakuru kwa miguu. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, watu walikuwa wanakamatwa barabarani kwa kukosa karatasi tu, na mtu mweusi kumbishia Mzungu mlangoni pake halikuwa jambo la kuchezea. Nilimvuta mkono wa koti. Hakugeuka. Hatimaye mlango wa mbele ulifunguliwa na mkulima mwenyewe, uso umewiva, akatutazama, akaitazama kebo, akasogea kando. Karani alifuta viatu vyake vizuri sana kwenye mkeka, akaingia. Nami nikafuata.

Mtambo haukuwa na ubaya. Karani alikata kebo karibu na eriali, akaining'iniza, na maji meusi yakaanza kudondoka kutoka ndani, yakadondoka mpaka yakajaza kikombe. Mvua ilikuwa imeingia kwenye plagi ya juu, plagi ya ndani ya nyumba iliyofungwa nje, ikashuka ndani ya wavu mwaka mzima kidogo kidogo. Mkulima akauliza maswali ya maana, na Karani akamjibu kwa heshima. Tulibadilisha kebo, tukafunga zile plagi za mpira, tukazizungushia utepe na nta, na chini ya kila plagi tukaiacha kebo ining'inie kwanza kabla ya kupanda, ili maji yadondoke hapo. Kabla ya kuondoka mkulima alizungumza na mtu wa Afrika Kusini, akacheka kama mtoto. Alitupa gunia la viazi. Karani aligawa viazi hivyo mlango kwa mlango safu nzima ya Bondeni, na kila mlango alieleza habari ya Keringet, na kila mlango ukungu ulizidi kuwa mzito.

Lakini nyumbani kwake paa lilivuja. Mtu aliyezuia maji yasiingie kwenye kitu chembamba kama kidole alilala na sufuria miguuni. Mke wake, mwanamke mtaratibu aliyekuwa akiuza mboga, alimsema mpaka akachoka. Na jambo lingine: mezani alikuwa mchache wa maneno, watoto wake walimwogopa kidogo. Ila mbele ya redio, pale kwa daktari wa meno, alibembeleza. Alimwuliza mtu wa Tabora, karani wa reli kama yeye, habari za mgongo wa mke wake. Nilimsikia kwa masikio yangu, mkewe mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na kikapu.

Kibali alikiomba mara nyingi. Kilikataliwa, kikacheleweshwa, kikasahauliwa. Polisi walikuja mara moja kuangalia waya ulio juu ya paa, wakapekua, wakakuta redio ya kupokelea tu, wakaondoka na vifaa vyake kadhaa ambavyo havikurudi. Tangu siku ile mume wangu aliniambia niache. Alisema Karani atatufungisha sote, na kama akifungwa yeye, reli itatutoa sisi kazini. Hakukosea. Nilikaa siku nyingi bila kuvuka ile njia. Kisha tukasikia kwamba daktari wa meno na yule mkulima wa Keringet wameandika kwa niaba ya Karani, na kwamba mkaguzi wa redio atakuja kutoka Nairobi kuangalia mtambo wake, ambao kwa ruhusa maalumu angeuweka tayari bila kuuwasha.

Wiki hiyo Karani akashikwa na malaria. Nilivuka njia bila kumwuliza mume wangu. Nilimkuta kitandani, mikono ikitetemeka kiasi cha kumwaga chai, na plagi kubwa, ile inayounganisha mtambo na eriali, ikiwa bado haijafungwa. Hakuniomba. Alinitazama tu. Nikaenda kuwasha jiko.

Mkaguzi alikuwa Mzungu wa makamo, asiyecheka, aliyejua Kiswahili cha kazi. Alipima hiki, akapima kile. Karani alisimama na tai yake, homa ikiwa bado haijamtoka, akijibu. Mimi na mume wangu tulikuwa mlangoni pamoja na majirani. Mkaguzi alipofika kwenye plagi kubwa akaivuta, akaipinda, akavitazama vitundu vyake. Akasema nje ni safi, lakini ameona nyingi zilizo safi nje, na huku ndani hamna kitu.

Karani alifungua sanduku lake, akatoa msumeno wa chuma, akauweka mezani.

"Ikate," alisema.

Mkaguzi alimtazama kuona kama anatania. Kisha akaibana plagi kwenye jiliwa ndogo ya mezani na kuanza kukata kwa urefu. Ule msumeno niliusikia kwenye meno yangu. Nilikuwa najua nilichofanya, lakini sikuwa nimewahi kuona ndani ya plagi niliyoifunga, hakuna mtu anayeona. Nilifikiria pale kwenye kitundu cha tatu, risasi ilipositasita kidogo. Mume wangu alinishika bega.

Plagi ilifunguka vipande viwili kama njugu. Mkaguzi akaipeleka dirishani. Risasi ilikuwa imezunguka wavu wote, bila pengo, inang'aa kama maji. Plastiki ilikuwa bado nyeupe na duara kamili, na uzi wa kati umelala katikati yake, umenyooka. Akaigeuza huku na huku. Kisha akauliza kama Karani aliifunga mwenyewe.

Nilijua atasema ndiyo. Mtu aliyegundua chuma changu kikubwa, mtu ambaye hakuwahi kusahau kofia, angesema nini kingine, na siku ile hasa, jina lake likiwa kwenye mizani? Wala nisingemlaumu.

"Ni huyu mama," alisema, na akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. "Mimi nilimfundisha kidogo. Mengine alikuja nayo."

Mkaguzi akaniomba nifunge nyingine, maana bila plagi hiyo hawezi kuendelea kupima. Nikaifunga hapo hapo, jiko barazani, majirani wamenizunguka, mume wangu akipepea makaa. Kile kipande kilichokatwa mkaguzi alikitia mfukoni akaenda nacho. Kibali kilikuja baada ya mvua za masika, na Karani wa simu akawa na herufi zake mwenyewe za kuitwa hewani. Jumapili hiyo alikwenda kanisani na suti niliyomshonea, na mhubiri alipata taabu kuwafanya watu waangalie mbele.

Mimi nilifunga plagi za redio Nakuru kwa miaka iliyofuata, kwa daktari wa meno, kwa wakulima wa Molo na Njoro, kwa yeyote aliyetaka. Nilikuwa mshonaji na nilikuwa fundi wa plagi, na jina hilo la fundi mimi sikulikataa.

Karani alistaafu, akahamia kwa binti yake karibu na Kariandusi, mahali wanapochimba ule udongo mweupe. Tulikuwa hatujaonana kwa muda nilipokwenda kumwona, mchana mmoja, miaka kadhaa baadaye. Vumbi jeupe lilikuwa juu ya kila kitu, paa, majani, mbuzi. Yeye tu ndiye aliyekuwa safi. Alikuwa ameketi mbele ya mtambo wake na tai shingoni, viganja viwili vimelala juu ya kipaza sauti cha redio, kile cha kutolea sauti, kama mtu anayepasha mikono moto.

Nilimsalimu, hakugeuka. Binti yake akanieleza: masikio, mizinga ya Burma imemfuata pole pole mpaka imemfika. Sasa anasoma ile lugha ya kugonga kwa vidole, kwa mtikisiko wa kipaza sauti. Maneno ya kusemwa redioni hayapati tena, mpaka umpazie sauti sikioni. Na hataki mtu yeyote hewani ajue.

Aliponiona alisimama, akaniuliza habari za ndugu yake, mume wangu, akaniwekea kiti karibu naye. Tulikuwa tumekaa hivyo sauti ilipotoka kwenye redio, kwa Kiswahili cha Tanganyika, ikiita herufi zake. Ilikuwa yule karani wa Tabora. Viganja vya Karani vilihisi kuna mtu anasema, nami nikaona uso wake ukitafuta ni nani. Nikasogea sikioni pake nikamwambia kwa nguvu ni nani.

Alifikiri. Kisha akanisukumia kipaza sauti cha kusemea, akabonyeza kwa mkono wake mwenyewe, akanionyesha kwa kidevu nizungumze.

Nikamwambia mtu wa Tabora mimi ni nani, na kwamba mzee yuko hapa, mzima, ila masikio yamechoka. Ukasikika mvumo mtupu, nikadhani tumempoteza. Kisha yule mtu akasema kwamba yeye na wenzake wamekuwa na wasiwasi juu yake. Akasema katika watu wote anaowasikia, kuanzia Mombasa mpaka Kongo, hakuna ambaye sauti yake inafika safi kama ya mzee huyu, na nimwambie hivyo.

Nikainama nikamwambia sikioni, neno kwa neno, nikipaza sauti mpaka binti yake akatokea mlangoni. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Akainyoosha tai yake.

"Mwambie najua," alisema.

Nikamwambia.